Kisanduku cha Sababu

Walimcheka kwa neno moja. Si kwa ndege iliyochafuka matope, si kwa abiria waliopiga mayowe, si kwa gurudumu la mbele lililozama kwenye nyasi ng'ambo ya lami. Hayo kila rubani anayaogopa, na mtu hacheki anachokiogopa. Walichocheka ni neno aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe kwenye fomu, na mpaka leo nikikumbuka kicheko kile damu inanichemka.

Mimi napima upepo. Ndiyo kazi yangu uwanjani hapa Songea, mwaka wa ishirini na kitu sasa. Nina chumba kimoja chenye dirisha linalotazama njia ya kurukia ndege, nina vipimo vyangu nje, nina daftari, na nina ile soksi ya upepo juu ya mlingoti, kitambaa chekundu na cheupe ambacho upepo ukivuma hujaa na ukitulia hulala. Marubani wengi hawajui jina langu. Huniita Mama Upepo, na nimeitika kwa muda mrefu mpaka majirani zangu wa Lizaboni nao wamelidaka. Huyu ninayemsimulia aliniita Mpimaji, kwa sauti ile ile mtu anayosemea Mwalimu au Daktari. Sisi tulimwita Kapteni. Makapteni walikuwa wengi, lakini ukisema Kapteni bila kuongeza neno, ni yeye.

Alikuwa na tabia iliyowachosha wenzake. Kila ndege yake ilipolala hapa kwetu, asubuhi ungemkuta anaitembea njia ya kurukia kwa miguu, mwisho huu hadi mwisho ule, mkono mmoja mgongoni, anaokota vijiwe na kuvitia mfukoni. Mlinzi wa geti alimwuliza siku moja, "Kapteni, kwani sisi hatufagii?"

"Mnafagia vizuri sana, baba. Mimi naisalimia tu."

Mfuko wa kulia wa kila suruali yake ya kazi ulikuwa umetoboka kwa vijiwe hivyo. Mkewe alichoka kuushona.

Tabia ya pili ilinihusu mimi. Akishatua, abiria wakishashuka, alikuja dirishani kwangu kabla hajanywa hata maji, akauliza, "Mpimaji, umeniona?" Ni lazima nimwambie nilichokiona. Nilipokuwa mgeni kazini nilidhani mzee anatafuta sifa, nikampa. Nikamwambia, "Shikamoo Kapteni. Umetua kama unyoya." Akaitikia marahaba, kisha akanitazama mpaka nikatamani dirisha lijifunge.

"Ndege imedunda mara mbili," akasema. "Kama macho yako hayalioni dubwana kubwa namna ile, upepo usioonekana utauonaje?"

Nilikwenda kulia chooni. Nilimchukia wiki nzima. Ndege yake iliyofuata nilikaa dirishani nimekodoa macho, na alipouliza nikamwambia bila salamu kwamba mguu wa kushoto umetangulia na amechelewa kushika breki. Alitabasamu. Akatoa kwenye mkoba wake fungu la dagaa wa Nyasa lililofungwa kwenye gazeti, akaniwekea dirishani, akaenda zake. Tangu siku hiyo tukawa marafiki, kama urafiki ni watu wawili kutodanganyana kuhusu jambo moja.

Dagaa nao wana kisa chao. Kapteni hakuruka kutoka Songea bila dagaa wa Nyasa, na ndege nzima ilinuka mpaka Dar es Salaam. Abiria walilalamika, hasa wale wa tai na kompyuta. Lakini mtu huyu aliyewanyima abiria hata nusu kilo ya ziada aliwapeleka dagaa wake kwenye mizani, akawapima mbele ya watu, akaandika: dagaa, mali ya rubani. Vijana wa mizigo walicheka wakamwambia, "Kapteni, kwani nani anaangalia?" Akasema ndege inaangalia. Alipenda kusema hivyo: ndege haijui cheo cha mtu, inajua uzito wake.

Msidhani nawachorea malaika. Kapteni alikuwa na kiburi, tena kingi. Alikuwa mbahili wa sifa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Na alikuwa mwoga. Mtu aliyepita katikati ya mawingu meusi ya Januari huku anasimulia habari za mahindi, aliogopa bodaboda. Kutoka uwanjani mpaka kwake Lizaboni alitembea kwa miguu na mkoba wake, na siku mvua ilipomlazimu kupanda alifumba macho njia nzima, kamshika dereva kiunoni, huku anamwomba Mama Maria kwa sauti. Madereva walimgombania kwa ajili ya kichekesho hicho, naye alijua, na aliwaacha wacheke.

Ukali wake wote alimlimbikizia kijana mmoja. Kijana huyu alikaa naye kiti cha pili miaka sita, rubani msaidizi, na ninyi mnahitaji kumjua maana bila yeye hakuna kisa. Alikuwa mtanashati, anajua kucheka na watu, na alipopita kwenye ukumbi harufu yake nzuri ilibaki nyuma yake hata nusu saa. Akina mama wa usafi wakambatiza Manukato. Kapteni alimfundisha kazi kama mtu anavyotwanga mahindi, hakumpumzisha. "Rudia." "Umechelewa." "Hapo ungeua watu, rudia." Nilimwona Manukato kwa macho yangu amekaa nyuma ya gari la zimamoto anafuta machozi na leso ya hariri. Nilimwonea huruma. Nilimwambia Kapteni, "Baba, utamvunja mtoto wa watu."

"Akivunjika hapa chini namwokota," akasema. "Akivunjika kule juu tunaokotwa wote."

Maneno mazuri, lakini ukweli ni kwamba hakumsifu hata siku Manukato alipopata ukapteni wake. Wengine walimwandalia sherehe. Kapteni alimpa mkono tu, akamwambia ajifunze kutumia breki. Nadhani pale ndipo uadui ulipoota. Tangu hapo walipokutana uwanjani kwetu kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake anavyotua, kama wake wenza wanavyochunguliana vyungu.

Sasa nieleze jambo ambalo abiria hawalijui. Rubani akitua vibaya, ndege ikadunda au tairi ikapasuka, kuna fomu ya kujaza, na chini ya fomu kuna kisanduku kimeandikwa Sababu. Katika miaka yangu yote, kisanduku kile kilijazwa neno moja: upepo. Upepo wa ubavuni, upepo wa mgongoni, upepo wa ghafla. Ukisoma fomu zile utadhani Songea nyumba zinaezuliwa mapaa kila Jumanne. Upepo ni mshitakiwa mzuri, haji mahakamani. Ila fomu ile inalinganishwa na daftari langu, kwa hiyo rubani kabla ya kuandika alikuja kwanza dirishani kwangu, mpole ajabu, na swali ambalo si swali: "Mama Upepo, ulivuma ule, au siyo?"

Kapteni hakuja na swali hilo hata mara moja. Naapa.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika, mwaka jana. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ikakatika, lami inameremeta maji. Manukato alikuwa amekuja na ndege ndogo ya kukodi, na alikuwa amesimama barazani na miwani yake, anasubiri abiria wake. Ndege ya Kapteni ikatokea. Niliona mara moja kwamba iko juu mno. Mtu yeyote anayekaa uwanjani angeona. Ikiwa hivyo rubani hunyanyua ndege tena, akazunguka, akaja upya. Ni dakika chache, hakuna anayekufa kwa kuzunguka. Yeye mwenyewe aliwafundisha hivyo. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Zunguka, baba." Hakuzunguka. Akaishusha kwa nguvu, ikagusa lami karibu na katikati, maji yakaruka pande zote, ikateleza na kupita mwisho wa lami, ikaingia kwenye nyasi na kuinamisha pua karibu na uzio.

Hakuna aliyeumia. Sista mmoja wa kizungu alipoteza kiatu kwenye matope, basi. Kapteni alisimama mlangoni pa ndege akamwomba radhi kila abiria, mmoja mmoja, wazee akiwashika mkono washuke. Kisha akaja dirishani kwangu, matope mpaka magotini.

"Mpimaji, umeniona?"

"Nimekuona, Kapteni. Upepo ulikusukuma mgongoni."

Akageuka akaitazama soksi juu ya mlingoti. Ilikuwa imelala tuli.

"Soksi imelala," akasema.

"Imelowa, baba. Ikilowa hainyanyuki hata upepo ukiwepo. Kila mtu anajua. Mimi naandika upepo wa mgongoni, wewe unajaza fomu yako, yanakwisha. Umebakiza muda gani wa kustaafu? Acha yaishe."

Halafu akauliza kwa upole ambao sikuuzoea, "Huwa unafanya hivi?"

Nikashika kalamu.

"Andika ulichokipima," akasema, akaenda kujaza fomu yake. Nami nikaandika: shwari.

Aliandika kwamba alikuja juu mno, kwamba alipaswa kuzunguka, kwamba alijua anapaswa kuzunguka. Kwenye kisanduku cha Sababu akaandika: Aibu. Na chini yake, kwa herufi ndogo maana nafasi ilikuwa imekwisha, kwamba rubani ambaye yeye ndiye aliyemfundisha alikuwa amesimama barazani anamtazama, na yeye hakutaka aonekane anazunguka.

Wakubwa wa shirika lake walimpigia simu. Najua kwa sababu aliipokelea ukumbini kwetu. Walimwambia aibu si sababu ya kiufundi. Wakamwomba aandike upya, aandike upepo, aandike hata maji kwenye lami, wamalize mambo salama na yeye amalize miezi yake. Akawaambia maji aliyaona kutoka juu, na upepo haukuwepo. Wakamsimamisha kuruka. Hakuruka tena. Mtu aliyesafirisha nusu ya mkoa huu, wagonjwa, maaskofu, maharusi, hata soda ya kumuaga haikufunguliwa.

Hilo pekee lingetosha kunikasirisha. Lakini kuna mtu, simjui ni nani na Mungu atamjua, aliipiga picha fomu ile akaitupa kwenye kundi lao la WhatsApp. Siku mbili tu, marubani nchi nzima wakawa wanamwita Kapteni Aibu.

Niliwasikia kwa masikio yangu kwenye mgahawa wa uwanjani. Walikuwa watatu, Manukato katikati. Nami nilikuwa meza ya pembeni na chai yangu.

"Mzee kaishiwa," mmoja akasema. "Si angesema upepo! Nani angemwuliza?"

"Anatuharibia sote," mwingine akadakia. "Kesho na sisi tutaanza kuulizwa, haya kapteni, siku hiyo ulijisikiaje moyoni?"

Wakacheka mpaka mhudumu naye akacheka bila kujua kinachochekwa. Manukato akafuta midomo yake taratibu.

"Rubani anayeona aibu kuzunguka," akasema, "akalime mahindi Namtumbo."

Jamani! Mtu huyu kila anachokijua angani amekipata kwa yule mzee. Nilishika kikombe kwa nguvu nikaona vidole vyangu vimebadilika rangi. Maneno yalikuwa kooni, yamejipanga. Na Manukato akageuka, tabasamu lote la meno, akaniuliza, "Au siyo, Mama Upepo?"

Nikasema, "Chai yangu imepoa." Nikainuka nikaondoka.

Sababu ya kunyamaza kwangu ni hii. Mwaka mmoja kabla, mchana mweupe, Manukato aliibamiza ndege chini mpaka tairi ikapasuka na mama mmoja akateguka shingo. Hakukuwa na upepo wa kupeperusha hata unga. Alikuja dirishani kwangu na ule upole wao: "Mama yangu, ulivuma ule, au siyo?" Nami nikaandika kwenye daftari upepo mkali wa ubavuni. Kwa hiyo siku ile mgahawani, ningefungua mdomo kumuumbua, ningejiumbua kwanza mimi. Alijua. Ndiyo maana aliniuliza.

Niliibeba hasira hiyo miezi. Niliwagombeza watoto wangu kwa makosa ya wengine. Mwisho Jumapili moja baada ya misa nikaamua kwenda kwa Kapteni. Kutoka kwangu ni mitaa mitatu tu na nilikuwa sijakanyaga tangu alipoondoka kazini. Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, gunia wazi mbele yake, anapukuchua mahindi. Alikuwa amelima kweli, tena huko huko Namtumbo, upande wa Lusewa. Suruali aliyovaa ilikuwa ya zamani ya kazi. Mfuko wa kulia sasa umeshonwa.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, Mpimaji. Upepo leo?"

"Kidogo. Wa mashariki."

"Vizuri. Vuta kigoda hicho. Mama yupo jikoni, utakula likolo, mboga yetu ya majani, na ugali wa mahindi yangu, uniambie ukweli kama ni mazuri."

Nikakaa, nikachukua gunzi, lakini sikuweza kupukuchua. Nikamwaga yote. Fomu iliyopigwa picha, jina walilompa, kicheko cha mgahawani, Namtumbo. Nikasema wanafiki wakubwa, kila mmoja wao amewahi kuharibu kuliko wewe, na yule uliyemlea ndiye wa kwanza kukutemea mate. Alisikiliza, mahindi yakianguka kwenye ungo. Nilipomaliza nikamwambia, "Na wewe huna hata hasira!"

"Ninayo," akasema. "Nilipokea simu ya kwanza ya kunicheka, nikavunja redio ya mama. Mwulize." Akachukua gunzi lingine. "Lakini walichosoma ni kweli. Mtu huwezi kukasirikia kweli kwa muda mrefu, inachosha."

"Basi ujue na hii. Manukato alipopasua tairi, upepo haukuwepo!"

"Najua. Nilikuwa abiria siku hiyo, kiti cha nyuma kabisa, narudi likizo. Niliiona soksi imelala."

"Ulijua? Mama wa watu kateguka shingo, na hukusema?"

"Nilimwambia yeye. Nikamwambia aende akaandike. Hakuandika." Akatikisa kichwa. "Pengine nilikosa hapo. Nilidhani kosa la mtu ni lake kulisema. La kwake liko kwake. La kwangu nimeliandika."

Upepo ulipita uani ukitoka kwangu kwenda kwake, na nikamwona anavuta pumzi puani, taratibu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Mpimaji," akasema, "harufu hiyo naijua. Nimekaa nayo miaka sita chumba kimoja, mlango umefungwa."

Nilikuwa nimejipaka kwa ajili ya misa. Chupa ndogo ya bluu, kifuniko cha dhahabu. Manukato aliniletea safari iliyofuata baada ya ile tairi, akaiweka dirishani pale pale Kapteni alipozoea kuniwekea dagaa. Sikuwahi kupewa kitu cha namna ile na mtu yeyote. Naitumia Jumapili tu, na ilikuwa bado nusu.

Mkewe alileta ugali, tukala. Aliniuliza kama mahindi ni mazuri nikasema yana mchanga kidogo, akafurahi. Aliponisindikiza barabarani aliniaga kwa mkono, na hakuniuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri, na afadhali angeuliza.

Jumatatu niliomba fomu. Nikaandika tarehe ile ya tairi, ndege ile, na upepo niliouona: shwari. Nikaandika kwamba kilichomo daftarini nilikitunga mimi. Kisanduku cha Sababu kilinishinda mpaka jioni. Kisha nikakijaza, nikaituma makao makuu.

Alhamisi wakanipigia. Sauti ya binti, ya heshima, ameshikwa na kigugumizi. "Shikamoo mama. Samahani, hapa kwenye sababu naona umeandika manukato."

"Marahaba. Ndiyo."

"Mama, hiyo si sababu ya kiufundi. Tukurudishie uandike upya?"

Nje ya dirisha soksi ilikuwa imelala. "Hapana mwanangu," nikamwambia. "Iache hivyo hivyo."